Kelele za Mguu wa Kushoto

Gereji yangu iko Bariadi, pembeni ya barabara iendayo Nkololo. Kwa miaka mingi watu walinijua kama fundi wa miguu, yaani zile sehemu za mbele zinazobeba matairi: shokapu, springi, bushi na viungo vyake. Kazi hiyo huanzia sikioni. Bushi iliyokufa hugonga kwa uzito, shokapu iliyolegea hugonga kavu. Mafundi wenzangu walikuwa wananiletea magari yaliyowashinda. Nayazungusha mtaani mara moja, narudi na jibu.

Msimu wa pamba ulikuwa umeanza na vumbi limetanda kila mahali alipokuja mama mmoja wa Lamadi, muuza samaki. Alikuwa na pikapu anayopakia matenga ya dagaa na sangara kuleta sokoni kwetu.

"Mwangaluka, fundi," akanisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Gari lina nini?"

"Linagonga mbele. Limegonga njia nzima mpaka kichwa kinaniuma."

Nikaliendesha. Nikalipitisha kwenye matuta, nikalitumbukiza makusudi kwenye mashimo ya njia ya mnadani. Sikusikia kitu. Nikarudi nikamwambia gari lake zima, pengine ni matenga yaliyokuwa yanachezacheza nyuma. Akafungua mlango wa abiria, akapanda.

"Twende wote."

Kwenye tuta la kwanza akasema, "Hilo hapo." Kwenye la pili akasema, "Tena hilo. Umesikia?" Nikanyoosha mkono nizime redio ili nisikie vizuri. Redio haikuwa inawaka. Yule mama akaniangalia kwa muda, hasira ikamtoka usoni, akaniuliza jambo ambalo ilibidi alirudie.

"Baba, nakuuliza, masikio yako mazima kweli?"

Nikasimamisha gari. Kuna mambo ambayo mwili unayajua kabla yako. Mke wangu alikuwa ameshalalamika kwamba simu inaita pembeni yangu nami nimekaa tu. Kanisani nilikuwa nasema spika zimeharibika. Na vijana wa gereji nilikuwa nawakemea kwamba wanaongea kama wagonjwa.

Tulirudi. Nyumba yetu iko nyuma ya gereji, na mke wangu alikuwa uani anapepeta choroko. Yule mama akashuka kumpisha, nikamwambia mke wangu aache, apande gari. Alipanda na ungo wake mkononi, hajui anaitiwa nini.

"Niambie unachosikia," nikamwambia.

"Kinagonga."

"Kinagongaje?"

"Ko. Kimoja tu." Tulipokata kona akainua kidole. "Sasa viwili. Ko, ko."

"Upande gani?"

"Huku kwangu. Chini ya miguu yangu kabisa."

Kushoto basi, na kinazidi usukani ukizungushwa. Shokapu haifanyi hivyo. Nilipiga jeki chini ya mkono wa chini wa mguu ule, kile chuma kinachounganisha tairi na gari, hadi tairi likaachana na ardhi, nikapitisha mtaimbo chini ya tairi, nikamwomba mke wangu aunyanyue na kuushusha polepole. Mimi nikalala chini, kiganja nimekiweka kwenye boljointi, kile kiungo cha mviringo kinachoshika tairi lisichomoke. Nikahisi kinacheza, kama jino bovu kwenye fizi. Mpira wake ulikuwa umechanika, grisi imeisha, ndani kumejaa mchanga. Kingekatika barabarani, tairi lingelala ubavu na gari lingepinduka na yule mama ndani. Mimi nilikuwa nimeshamwambia gari ni zima. Nilibaki nimelala pale chini hata baada ya kujua tatizo. Sikutaka watu wanione uso.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Nilitoa tairi, nikafungua nati, nikapiga nyundo pembeni ya kiungo mpaka kikaachia, nikafunga kipya na pini yake. Ngumu ilikuwa kulijaribu gari. Tulirudi kwenye matuta yale yale, mke wangu pembeni.

"Kuna kitu?"

"Hakuna."

"Una hakika?"

"Nina hakika, baba watoto. Kimya kabisa."

Kwangu kilikuwa kimya kabla ya kutengeneza na kimya baada ya kutengeneza. Yule mama alishukuru, akaniambia niende hospitali, akaondoka zake.

Nilikwenda. Daktari alisema mishipa ya kusikia imechoka kwa nyundo na mashine za miaka yote hiyo, na ikishachoka hairudi. Alisema itaendelea kupungua. Aliniandikia kwenye karatasi ili nielewe.

Habari husafiri haraka Bariadi. Magari yenye kelele yalianza kupita mbele ya gereji bila kusimama. Nikabaki na breki, klachi na matairi, kazi za macho na mikono. Mwanzoni mke wangu alikuwa anapanda nami kujaribu magari, lakini ana mashamba yake ya mpunga, na wateja hawakupenda. Nyumbani alianza kuongea kidogo. Kurudia kunachosha. Yale aliyokuwa ananisimulia jioni, ya sokoni na ya kanisani, aliyaacha, akabakiza ya lazima: chakula tayari, kuna mtu nje, funga mlango. Mimi nami nilijifunza kutikisa kichwa na kutabasamu kwa lolote, ili nisimsumbue.

Asubuhi moja ya masika alitoka ndani na simu mkononi, akasimama mbele yangu, akasema maneno machache. Nikatikisa kichwa, nikatabasamu. Hakuondoka. Midomo yake ilikuwa inatetemeka.

"Sema tena," nikamwambia.

Akasogea mpaka sikioni.

"Dada yangu wa Migato amefariki."

Dada yule ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa. Nilimshika mkono, akauacha mkononi mwangu, lakini hakuniegemea. Tulikwenda Migato siku ile ile. Msibani nilikaa na wanaume, wakiongea kwa kupokezana, nami nikitazama midomo yao. Mke wangu alilia na wanawake ndani. Niliona mabega yake kupitia mlangoni, yanapanda na kushuka. Sauti yake haikunifikia.