Meza kuu ilimaliza muda wa machinga

Leo nimekuwa mgeni rasmi wa viti vitupu.

Ninafundisha vijana wanaotaka kazi ya kutoa elimu ya uraia. Mmoja wao, Devota, alikuwa na mazoezi Kariakoo, kwenye mtaa niliokulia kabla nyumba yetu haijapisha ghorofa.

Machinga wa soksi na mikanda walikuwa wamempa nusu saa. Kesho mkutano wa mtaa unajadili kama wahamishwe, nao walitaka kujua jambo moja tu: wajiteteeje?

Nafika, nakuta meza kuu! Kitambaa, maua ya plastiki, maji ya chupa.

(Jamani, mimi sikumfundisha hayo.)

Devota akaanza utambulisho. Mimi. Msaidizi wangu. Mpaka mwenye spika. Kila mmoja asimame, apigiwe makofi ya kilo. Kisha nikaombwa neno la ufunguzi.

Kijana mmoja akatupa mikanda yake begani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mkimaliza kujuana, mtuite."

Wakaondoka wote.

Devota akaninong'oneza, machozi yakimlenga: "Mwalimu, ratiba ilikuwa imebaki kidogo tu."

"Kilibaki nini?"

"Mada."

Nimemwambia awafuate huko huko juani, mmoja mmoja, bila spika. Yuko huko sasa, amechuchumaa kando ya soksi, anaeleza huku wateja wakimruka.

Nyie wenzangu mnaofundisha, hii meza kuu mnaing'oaje vichwani mwa watu? Nimechoka kweli.