Makande si Chakula cha Mgeni

Jumanne nilikuwa kwenye foleni katika ofisi moja mjini Same, nyuma ya mama aliyeshuka kutoka Chome. Alileta fomu ya kikundi chao cha wakulima wanaotaka kupokea watalii, wawatembeze mashambani, kisha wawapikie walichovuna.

"Shikamoo mama," karani alisema, akigongagonga kalamu kwenye fomu. "Hapa kwenye chakula mmeandika makande. Kweli mgeni unampa makande? Andika wali kuku."

"Marahaba mwanangu. Kwani Chome tunalima mpunga?"

"Mchele mtanunua huku chini."

"Basi na mgeni abaki huku huku chini." Mama akaifunika fomu kwa kiganja. "Mahindi ni yetu, maharage ni yetu. Sifuti."

Hakuondoa kiganja mpaka karani alipochukua muhuri.

Nilitaka kumcheka yule karani. Kisha nikakumbuka Jumapili, shemeji yangu alipokuja kutoka Dar. Nilificha sufuria ya makande uani, nikakimbilia mchele dukani. Shemeji alikula wali kwa adabu, akanawa, akauliza taratibu: "Na kile kinachonukia huko uani, mmempikia nani?"