Baba alipoacha msikiti tukadhani hataki niolewe, kumbe choo kilikuwa kinamtoka

Wakuu, shikamooni kwa mlionizidi umri, ambao humu sidhani kama mnafika watatu. Wengine wote marahaba.

Mimi ni bibi ninayeukaribia mwaka wa themanini, niko Karatu. Simu nilifundishwa na mjukuu, na sasa anajuta.

Juzi kuna kijana alileta uzi humu. Baba yake "anaharisha" mwezi wa pili, anachafua nguo, na yeye kila wiki anamnunulia vidonge vya kufunga tumbo. Nilisoma comment zote, hakuna aliyemuuliza swali la maana.

Basi naleta yaliyomkuta baba yangu mzazi. Sitatia chumvi. Hata ile ya kwenye chakula daktari amenikataza.

Kama unakula, malizia kwanza.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sitini. Karatu ilikuwa maduka machache kando ya barabara ya vumbi, magari ya wazungu yakipita kwenda kreta ya Ngorongoro bila kusimama. Baba alikuwa Mrangi wa Kondoa, mwenye duka: chumvi, sukari, mafuta ya taa, vitambaa vya kaniki na marekani, na shanga za Wamasai.

Mama alikwisha fariki. Nyumbani tulikuwa wawili, yeye na mimi Zaina, mtoto wake wa pekee, miaka kumi na tisa.

Nilikuwa nimechumbiwa na Hamisi wa Mang'ola. Kwao walilima vitunguu. Nilimpenda, nasema wazi, maana uzee una faida zake.

Kilichobaki ni Baba kutaja Ijumaa ya ndoa. Sisi ndoa zetu zilifungwa msikitini baada ya swala ya Ijumaa, na baba wa binti ndiye aliyemshika bwana harusi mkono na kumwozesha. Baba alikuwa akisema tangu niko mdogo kwamba siku hiyo hatamwachia mtu.

Lakini siku hakutaja.

Kwanza aliacha kwenda msikitini. Mtu wa safu ya mbele, mtu aliyekuwa anawahi kutandika mikeka, akawa anaswali nyumbani amefunga mlango. Ukimuuliza anasema magoti. Magoti hayo hayo yalimpeleka nyuma ya nyumba mara sita kwa siku bila taabu.

Halafu akaanza kufukiza udi dukani tangu asubuhi. Wateja wanapiga chafya. Wengine wakasema mzee amepandwa na jini, wengine wakasema anajizoesha harufu ya harusi.

Halafu akaanza kufua nguo zake mwenyewe. Wakuu, mwanamume wa wakati ule, mwenye binti mzima ndani ya nyumba, anafua kanzu yake. Majirani walinitazama mimi vibaya, wakidhani nimekuwa mvivu kwa sababu ya kuposwa.

Upande wa Hamisi walituma mshenga mara mbili, akarudi bila jibu. Mara ya tatu nilikuwa nyuma ya pazia. Alisema kwa heshima kabisa kwamba Ramadhani ikiingia Baba hajataja siku, wao wataelewa kuwa binti hatolewi, na watatazama mlango mwingine.

Zilikuwa zimebaki wiki tano.

Nilimchukia Baba siku zile. Niliamini anaogopa kubaki peke yake, kwa hiyo ameamua kuniozesha duka. Nikawa namwekea chakula na kuondoka bila kusema karibu.

Chakula chenyewe hali. Anamega ugali kidogo, mboga hagusi, maji anakunywa funda moja. Anakonda. Mimi nikasema moyoni, asuse tu.

Nilichokuja kugundua nilikigundua kwenye jora la marekani. Baba alikuwa mtu wa kupima kitambaa mara mbili ndipo akate. Siku hiyo napanga majora, nakuta marekani imechanwa pembeni vipande vyembamba vyembamba, kama mtu aliyekuwa na haraka.

Nikaanza kutafuta vilikokwenda. Nikavikuta nyuma ya choo, vimefuliwa na kuanikwa kwenye miiba ya ua upande asikopita mtu. Vilikuwa na madoa ambayo sabuni haikuyatoa. Nikainamia kunusa.

Hapo nikaelewa udi, nikaelewa na magoti, nikakaa chini palepale nikalia. Nilijionea haya kwa chuki yangu yote ile.

Sasa nifanye nini? Binti haongei na baba yake habari za choo. Kwa malezi yetu hata kuuliza "tumbo linaendeleaje" unauliza umeinamisha kichwa.

Lakini kulikuwa na jambo moja nililijua mimi na Baba hakulijua, nalo ni kufunga kitambaa. Kila mwanamke analijua kwa sababu ya siku zake. Vile vipande vyake vilikuwa vinasogea akitembea, ndiyo maana wateja wakiwepo alikuwa hainuki nyuma ya kaunta.

Nikashona vitatu. Ndani kipande cha blanketi kuukuu, juu yake marekani iliyokunjwa mara nne, nje kaniki nyeusi ili doa lisionekane, na kamba za kufunga kiunoni. Nikavikunja vizuri, nikaviweka juu ya msala wake wa kuswalia, nikaenda kuokota kuni.

Niliporudi havipo.

Siku ya tatu tunakunywa chai, akaangalia ndani ya kikombe.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi tu, Baba."

"Na Mang'ola?"

"Hawajui."

Ndipo akanieleza, kwa maneno machache, uso ameugeuzia ukutani. Ni mwezi wa nne. Kinatoka chepesi, kidogo kidogo, bila taarifa, anashtukia tu pameloa. Ataingiaje msikitini akachafue mkeka wa watu? Atasimamaje mbele ya wakwe? Alikuwa anangoja apone ndipo ataje siku.

Kwa kuwa aliamini anaharisha, alikuwa ameacha maji na mboga ili visimwongezee. Na alikuwa anakunywa kiloriti.

Kwa msioijua, kiloriti ni magome ya mti, Wamasai wanayachemsha na supu. Inakaza tumbo kwelikweli. Alikuwa anapewa na rafiki yake, Mzee Saning'o, mfugaji wa juu Ngorongoro, mmoja wa waliohamishwa kutoka Serengeti. Kila akija kununua sukari na shanga anamletea furushi. Baba akazidi kunywa, na choo kikazidi kumtoka.

Nilimuuliza kwa nini amemwambia Saning'o na hakwenda zahanati, nayo tunaiona kutoka dukani. Akasema Saning'o akishasikia anakwenda zake mbali na ng'ombe wake, lakini mganga wa zahanati anakuja kununua sukari kila siku.

Nikasema, "Baba, mimi nataka kuolewa. Kesho twende zahanati."

Sijui ulimi ule niliutoa wapi. Baba alimaliza chai yake, akasema twende mapema kabla watu hawajajaa.

Zahanatini alikuwepo Muiraqw mmoja wa Kansay, mtu mpole wa maneno machache. Enzi hizo tulimwita Bwana Mganga, na jina hilo linatosha. Nilikaa nje chini ya dirisha. Ndiyo, nilisikiliza. Kama mnanihukumu, hukumuni.

Hakumuuliza Baba anaharisha mara ngapi. Alimuuliza hivi:

"Mzee, choo kigumu, cha kutosha, mara ya mwisho umepata lini?"

Baba akasema hakumbuki.

Akambonyeza tumbo, akavaa glavu, akapima kwa kidole. Halafu nikasikia maji ya kunawa.

"Mzee, wewe huharishi. Umeziba. Huku chini kumejaa kigumu, na hicho kinachotoka ni maji yanayopenya pembeni."

Akamweleza kwa mifereji ya Mang'ola. Tope likijaa mferejini, maji hayaishi, yanamwagika pembeni. Sasa wewe ukiona yanamwagika unaongeza tope. Kiloriti ilikuwa inaongeza ugumu, kuacha maji kunaongeza ugumu, na ile tabia ya mwenye duka kujizuia kutwa mpaka afunge ndiyo ilianza yote. Mzigo ukikaa hapo muda mrefu, misuli ya mlango inalegea na haikupi tena habari kwamba kuna kitu kinakuja.

Alipigwa bomba siku tatu, yaani maji ya uvuguvugu kwa mpira, kwa nyuma. Mengine sisimulii. Siku ya kwanza alirudi anatembea kama mtu aliyetua gunia la mahindi.

Kijana mwenye uzi wa juzi, hapa sikiliza. Kuzibuliwa hakukumaliza kazi. Baba aliambiwa anywe maji mengi, ale mboga, papai na dona. Kila asubuhi akimaliza uji wa moto aende chooni, haja iwepo isiwepo, akae kwa utulivu bila kukamua. Duka lingoje. Akibanwa saa yoyote, asijizuie.

Halafu akafundishwa kukaza misuli ya nyuma, akihesabu tano, aachie, arudie, mara nyingi kwa siku. Baba akauliza anakazaje. Bwana Mganga akamwambia, kama unavyozuia upepo mbele ya mkwe. Nilisikia Baba anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka kwa miezi.

Kila akichafuka, aoshe kwa maji, akaushe bila kusugua, apake mafuta. Ngozi yake ilikuwa imechubuka vibaya naye alikuwa anavumilia tu.

Wiki ya pili Saning'o akaja na furushi lake. Safari hii Baba alimweleza yote. Mzee wa watu alikaa juu ya gunia la chumvi, fimbo mapajani, akasikitika.

"Rafiki, kwa nini ulinipa nusu? Wewe ulisema tumbo inaharisha. Hukusema inatoka bila wewe kujua. Ndama akiziba anachafuka mkia namna hiyo hiyo, sisi tunampa mafuta. Kiloriti hatumpi."

Kwa hiyo dawa ilikuwa kichwani mwa Saning'o miezi yote ile. Alichokosa ni nusu ya habari, na Baba ndiye aliyeificha kwa aibu. Hawakugombana. Furushi lile Saning'o aliondoka nalo.

Suala la msikiti lilibaki, maana wiki ya tatu alikuwa bado akikohoa kwa nguvu panaloa kidogo. Akaenda mwenyewe kwa Maalimu wa msikiti. Maalimu akamwambia mwenye udhuru huo anajisafisha, anajifunga kitambaa safi, anatawadha wakati wa swala ukiingia, na anaswali. Kibaya ni kwamba Baba hukumu hiyo alikuwa anaijua. Aliwahi kumweleza mzee mwingine pale pale dukani, mwenye tatizo la mkojo. Hakufikiri kama na yeye inamhusu.

Jioni hiyo alimwita mshenga akataja Ijumaa. Ramadhani ilikuwa bado siku tisa.

Siku yenyewe nilikuwa ndani, nimepakwa hina, shangazi zangu wa Kondoa wamejaa ukumbini. Kwa desturi Baba anakuja na mashahidi wawili kuniuliza kama nimeridhia, ndipo aende msikitini kuniozesha.

Alikuja kabla ya mashahidi. Akawaomba shangazi watupishe kidogo, akafunga mlango. Alivaa kanzu mpya nyeupe, na ndani nilijua amevaa kile nilichomshonea kwa siku hiyo.

Akanigeuzia mgongo.

"Angalia nyuma."

Nikaangalia, nikamnyoosha kanzu mabegani.

"Pasafi, Baba. Nenda."

Akatoka, akarudi na mashahidi, akaniuliza. Bibi harusi wa enzi hizo alikuwa ananyamaza, na ukimya wake ndiyo jibu. Mimi nilijibu kwa sauti mpaka kule ukumbini wakacheka. Walidhani nina haraka ya mume. Haraka nilikuwa nayo, ila sauti ile niliitoa kwa ajili ya Baba, atoke akijiamini.

Aliingia msikitini akakaa safu ya mbele, akamshika Hamisi mkono. Baada ya miezi michache vile vitambaa hakuvihitaji tena isipokuwa safarini. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na uji wake wa asubuhi hakuna aliyethubutu kuuchelewesha.

Wakuu, mimi si daktari. Si kila anayevuja ameziba. Wengine ni uzazi uliowachana, wengine kisukari, wengine mishipa ya fahamu, na ukiona damu au mtu anakonda, hospitali mara moja. Ninachosema ni kwamba usimpe mzee dawa ya kufunga kabla hajapimwa. Na wewe unayeumwa, ukimweleza mtu, mweleze yote.

Hata mimi mwaka jana kilianza kunitoka. Uzazi mara saba si mchezo. Wiki ya kwanza tu nilimwambia binti yangu, tukaenda kliniki, nikaanza mazoezi yale yale ya kuhesabu tano. Idi iliyopita tunatoka kwenda kuswali, nikasimama mlangoni nikamgeuzia mgongo nikamwambia angalia nyuma. Hakuuliza kwa nini. Hadithi ya babu yake anaijua.

Kama kwenu kuna mzee ameacha msikiti, kanisa au vikao, na sababu anasema ni magoti, kamuulize vizuri, mkiwa wawili tu. Wenye yaliyowakuta waandike hapa chini, tusaidiane. Wa kucheka pia karibuni, ila mkimaliza kucheka mwende mkapige simu nyumbani.