Nimechagua Hesabu, Mimi!

Jamani, leo nimeaibika na bado nacheka peke yangu!

Nilikuwa ofisini kwa mhadhiri wetu, nachagua masomo ya kunifanya mwalimu wa tuisheni. Akauliza mbona nimeikwepa Hesabu.

Mara dada akapiga simu. Nikamnong'oneza kwa Kiswahili, "Huyu mama ananitisha na Hesabu zake!"

Muda wote tuliongea Kiganda, nikajua haelewi Kiswahili.

Kumbe amekulia kambi ya jeshi, na jeshini huku kwetu Kiswahili ndiyo lugha yao!

"Mama anakusikia, binti," akanijibu kwa Kiswahili.

Nilitamani ardhi inimeze.

Akacheka. "Unaiogopa? Basi soma hiyo hiyo. Mtoto akikwama, utajua amekwama wapi."

Nimeichukua! Mimi, niliyekuwa najificha chooni kipindi cha Hesabu!

Dada anasema nimerogwa. Nyie je, mtaniletea watoto wenu?