Dawa ya Ng'ombe Kwenye Mawaridi

Nisipoyaandika haya sitayasema, najijua. Mbele za watu sauti yangu inakauka.

Mawaridi yangu yapo uani, upande wa jikoni, pale tunapomwaga maji ya vyombo. Ndiyo yanayofanya watu wa kigangoni kwetu hapa Kakese wanifahamu. Siku ya maandamano ya Ekaristi watoto wadogo wenye magauni meupe wanatangulia mbele ya padri wakitupa maua, na kila mtoto analibusu ua kwanza ndipo analitupa. Wengine wanabusu mpaka linaingia mdomoni. Mwaka huu mdogo wangu naye alichaguliwa, na mama anayewafundisha alisema mbele ya wote, "Maua msihangaike, yule binti mpole atatuletea." Niliinama chini, ila furaha niliyokuwa nayo siku hiyo hata chakula kilinishinda.

Adui wa mawaridi ni vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wanaojazana kwenye machipukizi na kufyonza, mpaka ua linafunguka likiwa limejikunja. Dawa ya dukani sitaki, kwa ajili ya ile midomo ya watoto. Jua likipoa napiga maji ya sabuni ya mche na mwarobaini uliotwangwa, chini ya jani hasa, maana huko ndiko wanakojificha. Asubuhi nasuuza. Wale wadudu wekundu wenye madoa meusi siwagusi, kwa sababu wao wenyewe wanakula vidukari.

Mimi nasoma bweni, kwa hiyo kazi hiyo nilimwachia rafiki yangu wa nyumba ya pili. Kwao ni wafugaji, walihamia huku na ng'ombe wao kabla sisi hatujazaliwa. Ni mtu pekee ninayeongea naye bila kupanga maneno kwanza. Nilimwonyesha kila kitu, na kwa nini.

"Sabuni, mwarobaini, chini ya jani," alirudia huku akicheka. "We nenda kasome bwana. Nikimwacha hata mmoja, njoo unichape."

Tulifunga shule wiki ya maandamano. Nilifika nikakuta mawaridi yanang'aa, hakuna kidukari hata wa kutafuta. Nilitaka kukimbia kwao nikamkumbatie. Halafu nikainama kunusa. Ile harufu kila anayepita karibu na josho la ng'ombe anaijua. Chini, wale wekundu wangu walikuwa wamelala chali, wamekufa.

Nilimwita.

"Umepuliza nini?"

"Si ulitaka wadudu wafe? Wamekufa."

"Umepuliza nini?"

"Ile ya kuogeshea ng'ombe, kidogo tu. Inaua kupe, itashindwa na vidudu vyako? Kila jioni sabuni, kila jioni sabuni, kwani mimi sina kazi kwetu?"

"Watoto wanayabusu."

"Kwani wanameza? Na ng'ombe tunaogesha, maziwa mnakunywa nyie hao hao. Nyamaza tu, nani atajua?"

Mchana ule ule yule mama anayewafundisha watoto alikuja na vikapu, akiwa na akina mama wenzake. Mdogo wangu alishakumbatia cha kwake. Rafiki yangu alikuwa amesimama pembeni yangu. Nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, "Msiyachume. Yana dawa ya ng'ombe."

"Nani kaweka?"

Nilimwangalia rafiki yangu. Kweli kabisa, nilidhani atasema.

"Shikamooni," akaanza, kwa adabu zote. "Mimi niliachiwa sabuni tu. Hiyo dawa alikuja kuiomba nyumbani mwenyewe kabla hajaenda shule. Nikamkataza, hakunisikia."

Alisema vizuri, bila kukwama. Kama ningekuwa mgeni ningemwamini. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu, na kimya changu wakakiona ndilo jibu.

"Haya, binti mpole!" mmoja akacheka. "Wapole ndio hao hao."

Mama yangu alikuwa amesikia yote toka jikoni. Alichukua jembe, akachimba shimo nyuma ya choo, tukakata maua yote tukafukia. Mdogo wangu alilia mpaka akapata kwikwi.

Jumapili walitupa maua ya uzio wa kanisa, yale ya zambarau yenye miiba. Mdogo wangu alibusu kila moja. Aliyepewa kuongoza mstari wa watoto, kazi niliyokuwa nimeahidiwa mimi, ni rafiki yangu. Niliandamana nyuma kabisa na wazee. Watoto walikuwa wazima wote, na niliwaangalia mmoja mmoja nihakikishe.

Jioni rafiki yangu alikuja uani kwetu kama hakuna kilichotokea.

"Best, umeninunia? Si yameshaisha? Wewe hawawezi kukufanya kitu, wanakupenda. Mimi baba angeniua."

Labda ni kweli angepigwa. Lakini angeniambia mimi kwanza, tungepanga pamoja la kusema. Niliendelea kuosha masufuria. Akasimama, akaniita tena, nikamwaga maji, akaruka pembeni yasimlowanishe miguu, akaenda kwao.