Wali wa Bi Mfuniko

Mimi wananiita Kijiko, na jina lenyewe nimelifanyia kazi. Miaka kumi na mmoja nimekata mboga katika kantini ya kiwanda cha nguo, na muda wote huo mfuko wa aproni yangu haujakosa kijiko cha kuonjea. Naonja mchuzi ukianza kuchemka, naonja ukiwa jikoni, naonja ukishafika mezani. Msimamizi wetu aliwahi kusema kwamba kengele ya chakula inapolia, mimi tayari nimeshakula sahani tatu. Sikumbishia. Niliamini, na bado sijaacha kabisa kuamini, kwamba chakula hakijakamilika mpaka ulimi ukipitishe.

Sasa nilipoajiriwa nikawekwa chini ya mpishi asiyeonja.

Tulimwita Bi Mfuniko kwa sababu akishafunika amefunika. Sufuria lake la wali ungeweza kumwogeshea mtoto ndani yake. Lilishibisha watu mia tatu, na hakulifunua hata mara moja kuchungulia. Alisimama kando yake, mikono ameifumbata, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama mtu anayetegea sikio umbea wa jirani. Chumvi aliipima kwa kiganja, akiipandisha na kuishusha kidogo, akaitia, akaisahau. Kisha ghafla anazima moto, anasema, "Pakueni," na anakwenda zake kunawa.

Na wali ule, jamani. Mimi si mtu wa kumsifu mwenzangu ovyo, lakini wali ule ulikuwa umeiva hadi kiini, laini, na bado kila punje imesimama peke yake kama haijuani na mwenzake. Waliokuja na chakula chao kutoka nyumbani walikuwa wakikifunga tena. Chema chajiuza. Mimi niliuonja kila siku nikitafuta kosa, kwa nia mbaya kabisa, na sikulipata. Nilikuwa nalitaka sufuria lile. Niseme ukweli wangu: kila nilipokata kitunguu nilimhesabia miaka yake ya kustaafu.

Kisha wakaleta feni.

Wakaguzi wa afya walikuwa wamesema mvuke na moshi wa mafuta umezidi jikoni. Ukuta ukatobolewa juu ya majiko, ikafungwa feni ya kutoa moshi yenye upana wa meza ya kulia. Ilivuma hivi kwamba tulianza kuitana kwa kugonga masinia. Macho yetu yakaacha kutoka machozi, sote tukashukuru. Siku hiyohiyo wali wa Bi Mfuniko ukaungua. Kesho yake ukatoka na kiini kigumu. Siku ya tatu ukawa uji.

Watu wakasema amezeeka. Wengine wakasema sifa zimemlevya, kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Msimamizi, ambaye ni mstaarabu hata anapokukata mguu, alimwita Jumatatu iliyofuata mbele yetu sote. "Mama, tuangalie mpaka Ijumaa," alimwambia. "Ikishindikana, utapumzika kule kwenye sinki la vyombo." Kisha akanitazama mimi. Sikuhitaji tafsiri.

Bi Mfuniko aliitikia tu. Hakujitetea, na hilo lilinishangaza, maana si mtu wa kuonewa akanyamaza.

Jumatano, saa nne asubuhi, umeme ukakatika. Sisi tunapikia gesi, kwa hiyo kazi iliendelea. Kilichonyamaza ni feni. Moshi ukatujaa, tukaanza kukohoa na kulalamika. Bi Mfuniko akainamisha kichwa chake upande, na nikamwona uso ukimkunjuka kama mtu aliyesikia hodi ya ndugu aliyempotea. Wali ulitoka kama ule wa zamani, ukaliwa mpaka ukoko.

Wenzangu walisema leo nyota yake imewaka. Mimi nilibaki nimeshika kisu kwenye kabichi, nimepigwa na butwaa. Miaka kumi na mmoja nimesimama hatua mbili kutoka kwake, namwona anasikiliza, na nikadhani yale ni maringo.

Alhamisi umeme ulirudi, feni ikarudi, wali ukaungua. Nilimfuata stoo, nikamkuta amekaa juu ya gunia la maharage. Nilikuwa nimechota mchuzi wa kabichi kwenye kijiko changu, nikamwambia, dada, nionjee hii, sijui kama chumvi imekolea.

"Mdogo wangu," akasema, "ukinipa hata majivu nitakwambia ni matamu."

Akanisimulia, bila kulia wala kutaka nimwonee huruma. Alipokuwa na miaka kumi na minane aliugua homa wiki tatu, na alipoinuka kitandani ulimi na pua yake havikuinuka naye. Alikuwa tayari ameanza kazi ya jikoni na hakujua nyingine. Hakumwambia mtu. Akaanza kusikiliza. Maharage mabichi, aliniambia, hugonga sufuria kama kokoto. Yakilainika hayagongi tena, yanasukumana. Kitunguu chenye maji hupiga kelele, na kinavyokauka kinashusha sauti. Wali huanza kwa ugomvi, kisha unanung'unika, kisha inakuja sauti kama mvua ya rasharasha ikiisha kwenye bati. Ile ikikatika, una muda wa kuvuta pumzi mara nne. Ya tano umeunguza.

Nikamuuliza kwa nini asiseme kwamba feni inamziba masikio. Akacheka kidogo. Nani atamwachia chakula cha watu mia tatu mpishi asiyejua tamu wala chungu?

"Wakinipeleka kwenye sinki," akasema, "nitakuwa kiziwi pia."

Nilitoka stoo nikarudi kwenye kabichi yangu. Nimekutana na watu wenye vipaji, wengine wakijitangaza wenyewe kwa mdomo mpana, lakini sijawahi kumwogopa mtu kama nilivyomwogopa yule mama siku ile, ule woga wa kutaka kuvua viatu. Watu mia tatu, siku sita kwa wiki, chakula ambacho yeye mwenyewe hakijui! Na mimi mwenye ulimi mzima nilikuwa nakosea kabichi.

Lakini nisijipambe. Usiku ule nililala nikijua kwamba nisipofanya lolote, Jumamosi sufuria ni langu. Kimya kingi kina mshindo, na kimya changu kingenipandisha cheo.

Ijumaa feni ilivuma kama kawaida. Msimamizi akaja na sahani yake mkononi, akasimama mlangoni. Bi Mfuniko aliinama karibu na sufuria mpaka nikadhani sikio litaungua. Nikaweka kisu chini, nikaenda ukutani, nikazima swichi.

Msimamizi akauliza kulikoni. Nikamwambia feni inanipasua kichwa, na kama anataka kula kabichi yenye vidole vyangu ndani, aiwashe.

Hakuiwasha. Jiko zima likatulia, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikausikia wali. Ulinung'unika, ukanung'unika, kisha ikaja ile rasharasha, nyembamba, ikipungua, ikipungua. Nywele zilinisimama. Kabla sijatambua kwamba kuna kitu kimekwisha, Bi Mfuniko alikuwa ameshazima moto.

"Pakueni," akasema.

Msimamizi alikula amesimama, akamaliza sahani, akafuta mdomo. Hakusema lolote kuhusu sinki. Aliniuliza tu kichwa changu kinahitaji mapumziko ya muda gani. Nikamwambia nusu saa, kila siku, wali ukiwa jikoni. Mpaka leo ratiba ya ukutani inaonyesha kwamba feni huzimwa saa tano kwa sababu ya kichwa cha Kijiko, na wageni wakiisoma hunitazama kwa huruma. Sijali.

Siku ile, watu walipokwisha kula, tulikaa sisi wawili kwenye ndoo tulizozipindua. Nilimuuliza ni chakula gani anachokipenda kuliko vyote. Nilitarajia ataje kitu cha utotoni, kabla ya homa.

"Wali," akasema. "Vingine vinanyamaza tu. Wali unaniaga."

Akachota sahani, akaniwekea magotini. "Haya, wewe mwenye ulimi. Niambie leo nimepika nini."

Nikatoa kijiko changu. Nilikuwa nimeuonja wali ule miaka kumi na mmoja kwa kutafuta kosa tu, na sasa sikuwa na neno hata moja la uzuri wake. Nikamwambia ni mtamu. Akatikisa kichwa. Hilo, akanikumbusha, hata majivu yanalipata.

Nikaonja tena, taratibu. "Chumvi yake haionekani ukiwa unatafuna," nikamwambia. "Unameza, unadhani imekwisha. Halafu inarudi kidogo, kama mtu aliyesahau kitu mlangoni."

Bi Mfuniko alikuwa amefumba macho, kichwa amekiinamisha upande wangu.

"Endelea," akasema.