Udongo wa Mlima wa Hermani

Hermani Qamara alijenga reli katika chumba cha wageni. Nyumba ilikuwa mali ya shamba la ngano, moja ya zile walizopewa mafundi wa karakana kwenye tambarare ya Hanang, na chumba cha tatu hakikuwa na wa kukilalia, maana binti yao Zita alikuwa bweni shuleni. Mkewe, Bernadina, alitaka kuweka mahindi humo. Alishindwa, na hakuwahi kusema ameridhika.

Kabla ya shamba, Hermani alikuwa kibarua wa reli huko kusini. Hanang hakuna reli, na alipowaeleza wenzake jinsi treni inavyoingia ndani ya mlima na kutokea upande wa pili, walimwita mwongo. Akaamua kuwaonyesha. Reli alizikata kutoka kwenye mikanda ya chuma iliyofungia makasha ya vipuri. Injini ilikuwa kopo la mafuta ya kula lenye mota ya waipa ndani yake, ikipata umeme kwenye betri ya trekta iliyochoka. Meza za mbao zilizunguka kuta tatu, na kwenye kona ulisimama mlima Hanang wa udongo, una tundu la treni kupita, umepakwa rangi ya kijani iliyobaki kwenye makopo ya karakana. Jumapili baada ya misa watu walijaa mlangoni.

Jumapili moja ya mwaka 1985 alikuja Gidahosh. Huyu kazi yake ilikuwa kupaka grisi kombaini za shamba. Alikuwa Mbarbaig, wa ukoo uliochunga pale pale kabla ya ngano. Malisho yalipolimwa ndugu zake walihamia Dirma; yeye alibaki na kuomba kazi kwa hao hao waliolima. Alikuwa rika moja na Hermani, ambaye ni Mmbulu wa Masieda, na walitaniana tangu siku ya kwanza.

"Mmbulu, nasikia umepata ng'ombe wa bati," alisema mlangoni.

"Karibu, mwizi wa ng'ombe. Huyu humswagi, amefungwa na waya."

Gidahosh alicheka. Aliitazama treni ikizunguka, kisha akainama kwenye tundu la mlima, mahali ambapo rangi haikufika. Alibandua kipande cha udongo, akakisaga kwa kidole gumba, akanusa.

"Huu umeutoa wapi?"

"Shambani. Huu wa hapa ukikauka unapasuka. Nikaona kile kichuguu cha upande wa korongo, kilichomegwa na trekta. Udongo wake unashika kama saruji."

"Kichuguu."

"Ndiyo."

"Zima hiyo treni."

Hermani alichomoa waya.

"Wewe umekandika nyumba kwenu Masieda tangu utoto," Gidahosh alisema. "Udongo wenye samadi, katikati ya ngano. Ulidhani nani aliukanda? Trekta?"

Wabarbaig humwinulia mzee aliyeheshimika bung'eda, kilima cha kaburi kinachojengwa kwa udongo na samadi, tabaka juu ya tabaka, kwa miezi. Wanawe na wajukuu hurudi hapo kumwomba. Kile cha upande wa korongo kilikuwa cha babu yake Gidahosh. Majembe ya trekta yalikipita kila msimu mpaka kikabaki nundu. Hermani aliibeba hiyo nundu kwa toroli.

"Unanilaumu mimi?" alisema, naye sasa amekasirika. "Trekta zinapita juu yake kila mwaka. Kombaini inavuna juu yake. Grisi anapaka nani?"

"Napaka mimi, na kila nikipaka najua ninachofanya. Waliochora shamba hawajui kukanda udongo. Wewe unajua. Uliushika, ukajua una mkono wa mtu, ukapakia."

"Nilijua ni samadi. Sikujua ni ya nani."

"Nipo karakana kila siku. Hukuuliza."

Hermani aliukunja ule waya mkononi.

"Naudai wote," Gidahosh alisema. "Usibaki hata kwenye nyufa za meza."

"Mlima ukibomoka reli yote inaanguka."

"Ianguke."

Bernadina alikuwa amesimama nyuma yao, mwiko mkononi. "Kwa hiyo mimi nafagia kaburi," alisema. "Na watoto wa watu nawagawia chai humo humo. Udongo huu utoke leo. Nitaumwaga mwenyewe."

"Shemeji, ukiumwaga jalalani tutagombana mpaka wajukuu."

"Basi uchukue! Mimi nilitaka mahindi."

Kesho yake Hermani alikwenda kwa msimamizi wa mashamba. Aliomba kipande kidogo tu kando ya korongo kisilimwe, ili udongo urudi ulikotoka. Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililoumiza zaidi.

"Fundi, trekta haikati kona kwa ajili ya kichuguu."

Hermani alikwenda kuona. Shamba lilikuwa limeshatifuliwa kwa ajili ya kupanda, sawasawa kama meza, na hata yeye aliyechimba pale hakuweza kusema nundu ilikuwa wapi. Alirudi nyumbani bila kupitia karakana, akachukua nyundo, akaupiga mlima mpaka reli zikaning'inia hewani.

Siku ya tatu jioni Gidahosh, aliyekuwa ametuma habari Dirma, alikuja na baba yake mdogo, mzee Gidamis, ambaye alikuwa ametembea kutoka Dirma na ngozi za kubebea.

"Shikamoo, baba," Hermani alisema.

"Marahaba." Mzee aliokota bonge. "Hii kijani ni nini?"

Gidahosh akajibu badala ya Hermani. "Rangi ya trekta."

Gidamis aliligeuza lile bonge kiganjani. "Huyu ni baba yangu," alisema. "Haondoki hapa amevaa hii."

Wakaketi sakafuni wanaume watatu, wakabandua rangi kwa kucha na kwa kisu cha jikoni. Mabonge yaliyovunjikavunjika yalichanganyika na maganda ya rangi, na kadiri walivyosugua ndivyo yalivyozidi kuchanganyika. Bernadina, aliyekuwa ameapa kutoingia tena chumbani, aliwatazama kutoka mlangoni mpaka uvumilivu ukamwishia. Alileta ungo.

"Sogeeni. Wanaume hamjui kupepeta, mnajua kubeba tu."

Akapepeta udongo wa kaburi kama anavyopepeta ulezi, uso umekunjamana, maganda ya kijani yakirukia ukutani. Yaliyogoma kutoka aliyachambua moja moja. Gidamis alimsogezea kila bonge kwa mikono miwili.

Ngozi zilipojaa, Hermani aliinama abebe moja. "Nitakuja Dirma mkimjengea upya," alisema. "Kukanda najua. Nije lini?"

Gidahosh aliitwaa ngozi mikononi mwake. "Huji. Umeushika vya kutosha."

"Gidahosh."

"Karakana tutaonana, maana njaa ni yangu na ni yako. Kwako sitakaa tena." Akamsaidia mzee kujitwika, akajitwika na yeye, wakatoka.